Mwanafunzi Tuliyempokea Katika Kiwanda cha Sabuni

Vijana wangu, aliyenitia kwenye shughuli hii ni mjukuu wangu Zuhura. Amesema nyinyi ndio mnaochagua wanafunzi wa chuo kikuu waje kujifunza kazi ofisini kwenu wakati wa likizo, na mngependa kusikia kutoka kwa mtu aliyeifanya kazi hiyo zamani. Nimekubali, ila nawaambia mapema kwamba mimi nikiikumbuka kazi ile, kinachotangulia kunijia ni woga. Mengine huja baadaye, polepole, na baadhi yake hata yanachekesha.

Nilikuwa karani wa kuajiri katika kiwanda cha sabuni, kule upande wa viwandani, miaka ya hamsini. Nyumbani kwetu ni Pumwani, Majengo, na nilikwenda kazini kwa miguu. Harufu ya mafuta ya ng'ombe yanayochemka ilikuwa inanipokea kabla sijaliona lango. Mama yangu alinilazimisha kuvua shati uani kila nikirudi, eti hawezi kula chakula na ng'ombe mzima amekaa kitini.

Kuajiri wapagazi na wapakiaji hakukuwa na taabu. Mtu unamtazama mikono, unamuuliza alifanya kazi wapi, unampeleka kwa mnyapara. Taabu ilianza meneja wetu, Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Harwood, alipoamua kuchukua wanafunzi wa chuo kikuu. Maabara ilikuwa inataka watu wanaojua kemia, naye hakuwapata wa kutosha kutoka kwao. Vijana wetu waliosoma ng'ambo ya mpaka, Uganda, walikuwa wakirudi nyumbani likizo ndefu, basi akasema tuwachukue tuwajaribu. Mimi nikakabidhiwa kuwapokea.

Aliyenifundisha kazi ni karani mkuu, Mzee Zakaria Wesonga. Alikuwa mtu wa magharibi, mlokole, mpole wa kusema, akikaa mtaa wa Kaloleni na mkewe Mama Robai. Mzee Zakaria hakukufokea ukikosea. Alikuita, akakuuliza swali moja, kisha akarudi kwenye kazi yake, nawe ukabaki na swali lako.

Mwanafunzi wetu wa kwanza alikuja na suti na tai, viatu vinang'aa. Nilimpeleka moja kwa moja kwenye ukumbi wa kupikia, nikamwacha kando ya tangi. Akainama kuchungulia. Alipoinuka, nusu ya tai haikuwepo. Ile kostiki, dawa kali tunayopikia sabuni, ilikuwa imeila, na kilichobaki shingoni kilikuwa kitu kama ulimi wa mbuzi. Wapishi wa sabuni walicheka mpaka wakashika matumbo, nami nikacheka nao. Mzee Zakaria hakucheka. Aliniita, akaniuliza ni nani aliyemwambia yule kijana kwamba kazi yenyewe haiko ofisini. Hakuna. Akaniuliza tena kama ingekuwa uso badala ya tai, ningecheka vilevile.

Tangu siku hiyo sikumuuliza mwanafunzi lolote kabla ya kumtembeza kiwanda kizima. Nilimpitisha kwenye joto, kwenye moshi, kwenye sakafu inayoteleza. Nilimwonyesha choo kilipo na pa kulia chakula cha mchana. Wengine walishukuru wakaenda zao papo hapo, na sikuwashika. Waliobaki walikuwa wamebaki kwa macho yao wenyewe. Hilo mnaweza kulichukua hata leo, maana naambiwa siku hizi mnawaita watu kwa maneno matamu, wakifika wanakuta wamewekwa kutoa nakala za karatasi kutwa nzima.

Jingine alilonifundisha ni kuuliza kile tu ambacho kazi inakitaka. Na hili halikuwa suala la adabu, lilikuwa suala la uhai. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka waasi, hasa Wakikuyu. Mliozaliwa juzi mnalisoma jina hilo vitabuni. Sisi tuliliishi mitaani. Askari walizingira mtaa wakati wowote. Mkikuyu hakuweza kutembea mjini bila kipande cha ruhusa, na hata ambaye si Mkikuyu alitembea akijipapasa mfukoni. Jirani alikuwa akikusalimu huku anatazama kando. Ukimuuliza mwanafunzi anatoka kijiji gani, baba yake ni nani, anaona vipi mambo ya nchi, hujui ni nani anasikiliza dirishani, wala hujui utaulizwa nini kesho kuhusu majibu yake. Bwana Harwood alipenda sana maswali hayo. Mzee Zakaria alikuwa akiyakatiza kwa upole, anakohoa, anasema, "Bwana, labda tumuulize kuhusu mizani."

Sasa ndipo akaja Mwaura.

Alikuwa Mkikuyu, mwembamba, mrefu, anasoma kemia, na aliingia maabara yetu kama mtu aliyerudi nyumbani. Kila chupa aliinua akaitazama dhidi ya mwanga. Mpishi wetu mkubwa wa sabuni alikuwa na desturi ya kuigusa sabuni kwa ncha ya ulimi, ikimuuma anajua bado inataka mafuta. Mwaura akataka naye afundishwe. Akawa anaonja, anakunja uso, anakimbilia maabara kupima, anarudi anamwambia mpishi kwamba ulimi na kipimo vimekubaliana. Wapishi walimpenda. Walimwita Daktari wa Sabuni.

Kulikuwa na mambo mawili yaliyotusumbua. La kwanza ni beji. Kila mfanyakazi alikuwa na beji ya shaba yenye alama ya kiwanda, na askari wengi wa mitaani waliitambua. Mzee Zakaria aliomba Mwaura apewe. Bwana Harwood akasema beji ni za waajiriwa, na huyu ni mwanafunzi wa likizo, ataondoka karibuni, hakuna haja. Mzee aliomba tena wiki iliyofuata, akajibiwa vilevile.

La pili ni pa kulala. Mwaura alikuwa na ruhusa ya kuwa mjini, lakini chumba alichoahidiwa mtaa wa Bahati kilikuwa kimefungwa, wenyewe wamechukuliwa na askari. Kiwanda hakikuwaza hata kidogo kwamba mwanafunzi anahitaji kulala. Nilimuuliza mama kama Mwaura anaweza kukaa kwetu. Mama alikuwa mkarimu, mlango wetu haukuwa na komeo mchana, ila siku hiyo aliniambia kwamba akilala hapa tutaondolewa sote, pamoja na wapangaji na watoto wao. Hakuwa mkali. Mzee Zakaria ndiye aliyemchukua kwake Kaloleni, akijua kabisa kwamba kumlaza mgeni bila ruhusa ya mtaa ni kosa.

Asubuhi moja nilikuwa getini nikipanga vibarua, nikamwona Mama Robai anakuja mbio. Alikuwa amevaa kiatu kimoja cha kwake na kimoja cha mumewe. Alinieleza kwa maneno yaliyokatikakatika. Alfajiri majoni, yaani wale wanajeshi vijana wa Kizungu, waliuzingira mtaa. Waliwatoa wanaume wote nje. Mwaura aliulizwa anafanya kazi wapi, akataja kiwanda chetu. Akaulizwa beji iko wapi. Mzee Zakaria akasema kijana ni mwenzake wa kazini na ni mgeni wake, basi wakachukuliwa wote wawili, wakapelekwa uwanjani karibu na reli.

Nilikwenda kwa Bwana Harwood. Nilipomweleza, rangi ilimtoka usoni. Mpaka siku hiyo nilidhani woga ni wetu sisi peke yetu. Alishika simu, akazungumza, akangoja, akaiweka chini. Akaniambia ameambiwa aende mwenyewe. Nikamwomba twende. Akasema ana shughuli ya kumaliza, nitangulie, atanifuata.

Niliporudi getini Mama Robai alikuwa amesimama palepale, ananitazama. Sijui kama ningekwenda asingekuwa ananitazama hivyo. Nilikwenda.

Njiani nilisoma dua nilizofundishwa tangu utotoni, na kila nikifika katikati maneno yananipotea, naanza upya. Barabara ambayo siku zote ina watu ilikuwa tupu. Nikaiona senyenge, na ndani yake wanaume wamechuchumaa safu kwa safu, mikono kichwani, kimya kabisa. Sijapata kusikia kimya cha watu wengi namna ile. Malori yalikuwa yakiingia, na kila lori lilipofunga breki wale wanaume waliinamisha vichwa pamoja, kama majani yanayopigwa na upepo.

Nilimwambia askari wa mlangoni kwamba nimetoka kiwandani, nimekuja kuwasemea wafanyakazi wetu wawili. Nilikuwa na beji yangu kifuani. Aliitazama, akanitazama mimi, kisha akanisukuma ndani, akaniambia nichuchumae na wenzangu. Hivyo tu. Niliyekuja kumtoa mtu nikawa nami ni mtu wa kutolewa.

Nikawekwa karibu na Mzee Zakaria. Shavu lake lilikuwa limevimba. Alininong'oneza bila kugeuza kichwa, "Mbona umekuja, Athumani?" Nikamwambia Bwana Harwood yuko njiani. Akafumba macho, nikaona midomo yake inasali. Mwaura alikuwa safu ya mbele, upande wa Wakikuyu. Niliuona mgongo wake tu na koti jeupe la maabara alilolipenda, alilolivaa mpaka nyumbani.

Tulipitishwa mmoja mmoja mbele ya watu waliovikwa magunia mwili mzima, wenye matundu mawili tu ya macho. Hao ndio walioamua. Wakitikisa kichwa kukataa kwamba wewe ni mwasi, unaenda upande wa kulia, uachiliwe. Wakikubali, unaenda kwenye lori. Ulikuwa hujui ni nani ndani ya gunia. Anaweza kuwa ni mtu uliyemnyima kazi. Na mimi, wanangu, nilikuwa nimewanyima watu wengi kazi. Nilisimama mbele ya gunia moja, na lile gunia halikutikisika. Niliona kitambaa kikiingia mdomoni na kutoka, kikiingia na kutoka, kwa pumzi ya yule mtu. Nilitazama matundu yale nikiwaza sura za wote niliowahi kuwaambia leo hakuna nafasi. Mwishowe kichwa kikatikisika kukataa. Nikasukumwa upande wa kulia, na hapo nikagundua nimejiuma ulimi, mdomo umejaa damu.

Mzee Zakaria naye alipita. Mwaura alipofika mbele ya magunia, la kwanza lilikataa, la pili likakaa tu. Ofisa Mzungu akamweka kando. Wakati huo ndipo gari la Bwana Harwood lilipofika.

Alishuka na kofia mkononi. Ofisa alimsalimu kwa heshima, akamwonyesha Mwaura, akamuuliza kwa Kiingereza swali jepesi. Nilikuwa karibu, nililisikia lote.

"Huyu ni mfanyakazi wako?"

Bwana Harwood alimtazama Mwaura. Mwaura naye alimtazama, bila hasira na bila kuomba, kama mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi.

"Ni mwanafunzi," akasema. "Alikuwa kwetu likizo hii."

"Kwa hiyo si wako."

Bwana Harwood aliizungusha kofia mkononi. Mimi nikasema kwa sauti kwamba ni wetu, bwana, anafanya kazi maabara, na Mzee Zakaria akasema hivyohivyo. Ofisa akatuambia tunyamaze kama hatutaki kupanda naye. Mwaura akapandishwa lori. Kabla lori halijafunikwa turubai alilivua lile koti jeupe, akalikunja, akaliangusha chini upande wetu. Mzee Zakaria aliliokota, akalifuta vumbi, akalibeba mkononi mpaka nyumbani.

Mzee aliachiliwa kwa onyo na wakuu wa mtaa wakamsamehe kosa la kumlaza mgeni. Bwana Harwood akafunga mpango wa wanafunzi. Hatukuzungumza habari ile kiwandani. Mara moja tu, tukinywa chai, Mzee Zakaria aliniambia kwamba yule bwana hakusema uongo, na hilo ndilo linalomtesa yeye Mzee, kwamba mtu alipotea bila uongo kusemwa. Kisha akastaafu, akarudi kwao magharibi.

Ndiyo maana nawaeleza haya yote. Nasikia ofisini kwenu mnasema, "Huyo ni mwanafunzi tu." Anaungua mkono, ni mwanafunzi tu. Msimamizi anamwita chumbani afunge mlango, ni mwanafunzi tu, ataondoka karibuni. Mimi neno hilo nililiona likimpandisha mtu lori. Mkimchukua, mchukueni kweli, tangu asubuhi ya kwanza. Kama hamwezi kumsemea mbele ya mtu mnayemwogopa, msimwite.

Mwaura alirudi kutoka kizuizini miaka ya hamsini ikielekea kwisha, Hali ya Hatari ilipoanza kulegea. Nilimkuta amesimama nje ya lango, na nilimpita bila kumjua. Bado kijana, lakini nywele za mbele zimekuwa nyeupe. Chuo kilikuwa kimempa mwingine nafasi yake. Aliniuliza kama kuna kazi. Nilimwambia angoje, nikaingia kwa Bwana Harwood, nikamwambia nani yuko nje.

Akainuka, akatoka mwenyewe, bila kofia, akavuka uwanja mzima mbele ya wapakiaji. Alimwambia Mwaura kwamba siku ile alidhani anasema ukweli tu.

"Ulisema ukweli, bwana," Mwaura akajibu. "Sikuwa wako. Sasa nataka kazi."

Alipewa kazi maabara siku hiyohiyo, na Bwana Harwood akambandika beji kwa mkono wake.

Kazi aliijua kama zamani. Lakini malori yetu ya kubebea sabuni yalipakia karibu na dirisha la maabara. Lori likifunga breki, Mwaura aliweka chupa chini taratibu, akachuchumaa pembeni ya meza, mikono kichwani. Alikaa hivyo mpaka dereva azime injini, kisha akasimama, akaendelea na alichokuwa anafanya. Hakulisema, wala sisi hatukulisema. Wapishi wa sabuni wakijua lori linakuja walikuwa wakimtuma mtu amwite upande wa pili, kwa kisingizio chochote. Bwana Harwood naye aliona siku moja kupitia kioo cha mlango. Baada ya hapo malori yakahamishiwa lango la nyuma, ambako yalisumbua kila mtu, na hakutoa sababu.

Tulipoanza tena kuchukua wanafunzi nilimwomba Mwaura awalee. Wa kwanza alikuwa Mutua, Mkamba, mdogo wa umbo, mwenye hamu ya kujua kila kitu na woga wa kukosea. Nilimwambia amtazame Mwaura kwa makini na afanye anavyofanya. Ni mimi niliyemwambia hivyo, na nilikuwa namaanisha mizani na chupa.

Siku moja dereva mgeni hakujua habari ya lango la nyuma. Nilikuwa ukumbini niliposikia breki, nikakimbia maabara. Nilichelewa. Mwaura alikuwa amechuchumaa pembeni ya meza, macho amefumba, mikono kichwani. Na kando yake, bega kwa bega, amechuchumaa Mutua, mikono kichwani vilevile, akidhani ni sheria ya kiwanda ya kujikinga na hatari.

Nilisimama mlangoni. Injini ikazimwa. Mwaura akafumbua macho, akageuka, akamkuta pale.

"Wewe unafanya nini?"

"Ninafanya kama unavyofanya, bwana."

Mwaura akamshika mkono, akautoa kichwani polepole, halafu na wa pili.

"Simama," akamwambia. "Hili si la kujifunza."

Wakasimama wote wawili.